Vikombe Mia Moja na Kumi na Viwili

Jumatatu, 4 Machi

Chaki imepungua tena. Ile chaki bapa ya bluu, ya kuchorea vitambaa. Alhamisi nilimletea vipande vinne. Leo kimebaki kimoja na nusu, na ile nusu ina alama za meno.

Sikumuuliza. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha mbele – kiwandani, kama anavyopaita – nikamtazama mjukuu wangu akipiga cherehani. Miaka ishirini na saba, mimba ya miezi sita na nusu. Mtaa mzima unamwita Fundi Pini kwa sababu ya pini anazozibana midomoni akiwa kazini. Leo sikuweza kutofautisha rangi ya midomo na ya pini.

Saa moja kamili asubuhi nilimpa kidonge chake cha kuongeza damu na kikombe cha chai ya rangi, nzito, kama kila siku. Akameza mbele yangu. Akasema hakuna mume duniani anayemlinda mke kama mimi ninavyomlinda. Nikamjibu kwamba yule dereva wake ajihadhari huko barabarani, mke anaibwa hapa nyumbani. Tukacheka. Alipokuwa anacheka alishika ukingo wa meza.

Daftari la vidonge nimelijaza. Mkebe wa uani nimeuangalia: mvua hakuna. Miaka ishirini na minane tangu nitoke kituo cha hali ya hewa, bado napima. Nchi niliyokuwa nikiipimia mvua haijui kama bado nipo hai.

Jumatano, 6 Machi

Cherehani ilinyamaza saa nne na robo.

Ukiishi na cherehani huisikii tena. Unaisikia inapokatika. Nikaweka kitabu chini, nikasubiri ianze. Haikuanza.

Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, sare ya shule ya mteja mapajani, macho wazi. Akasema hajaanguka, amekaa tu. Watu hawakai hivyo.

Jirani alisikia nikiita. Ni yule tunayemwita Mama Redio, maana habari ya mtaa huu haijawa habari mpaka aitangaze yeye. Akaja na mikono yenye sabuni. Akalivuta kope la chini la Pini kwa kidole, akatazama ndani. Kisha akanitazama mimi. Mwaka wa kumi na moja huu tunapakana ukuta, na leo ndiyo siku ya kwanza aliyoufunga mlango ili mtaa usisikie.

Kesho kliniki. Siku yake ilikuwa wiki ijayo. Hatungoji.

Alhamisi, 7 Machi

Sita nukta nane.

Novemba damu yake ilikuwa kumi nukta nne. Januari, tisa nukta moja. Naifahamu mistari ya namna hii. Kituoni tulikuwa tukichora mgandamizo wa hewa vivyo hivyo, nukta kwa nukta, na mstari ukishuka hivi hukungoja kuliona wingu. Ulifunga madirisha.

Daktari ni kijana, safi, hana ubaya. Lakini aliongea na kadi, hakuongea na mtu. Akasema vidonge havimezwi. Kwamba wanawake wengi wanavichukua hapa na kuvificha chini ya godoro kwa sababu vinachafua tumbo, halafu wanakuja kumshangaa yeye. Pini akasema anameza kila siku. Akarudia. Mara ya tatu alikuwa anaiambia kadi.

Kuna lingine. Kipimo cha picha kimeonyesha kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa uzazi. Linaweza kupanda lenyewe kadiri mimba inavyokua. Lisipopanda, damu itatoka, na itatoka nyingi.

Nikamuuliza nyingi ni ngapi. Hapo ndipo aliponitazama. "Mzee, mama mwenye kumi na moja akitoka damu, nina muda wa kufanya kazi yangu. Mwenye sita hanipi muda."

Kwa hiyo hataki vidonge tena, vitachelewa. Anataka madini ya chuma yaingie moja kwa moja kwenye mshipa, kwa dripu, Jumatatu. Na anataka Pini afike siku ya kujifungua akiwa na akiba.

Nikamwambia kwamba vidonge amemeza, na ushahidi ninao: daftari, siku kwa siku, saa kwa saa. Akatabasamu. Akasema kesho nimpelekee mkunga anayetunza kadi, labda ataweza kuandika kwamba dawa ilitumika.

Pini alilia njia nzima bila sauti. Alisema kinachomuuma si damu. Ni kuitwa mwongo.

Kesho wataona!

Ijumaa, 8 Machi

Nilivaa koti. Nililifunga daftari kwenye gazeti lisichafuke.

Mkunga ni mama wa makamo, miwani yake ina kamba. Alilisoma kwa heshima, ukurasa hadi ukurasa, Pini akiwa pembeni yangu, shingo imenyooka kama mtu anayengoja hukumu anayoijua itakuwa njema. Mkunga akasema miaka yote kazini hajaona kitu kama hiki. Akasema angepata mababu kumi wa aina hii angefunga ofisi akalale. Pini akanifinya mkono.

Kisha kidole chake kikasimama.

Akarudi ukurasa mmoja nyuma. Akarudi mwingine. Kidole kilikuwa kinashuka kwenye safu ya tatu. Saa 1:00. Kidonge 1. Chai, kikombe 1. Saa 1:00. Kidonge 1. Chai, kikombe 1.

Akauliza hii chai ni ya baadaye, au anamezea kidonge? Nikamjibu kwa fahari – naandika neno hilo ili nisije nikajidanganya – kwa fahari, kwamba anamezea. Ya rangi, nzito, imechemka sawasawa. Nyumbani kwangu hakuna dawa inayomezwa kwa maji matupu.

Akavua miwani. Akamtuma Pini akapimwe uzito.

Tulipobaki wawili alinieleza polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Chai inakikamata chuma tumboni kabla hakijaingia mwilini. Kikishakamatwa, kinapita tu. Kidonge kinamezwa kwa maji, na chai inangoja walau saa mbili. Akasema chai si mkosaji peke yake, Pini alianza na akiba ndogo na mtoto naye anachota. Lakini imefanya kazi kubwa. Kadiri ilivyokuwa nzito ndivyo ilivyofanya.

Nikamuuliza mbona hatukuambiwa. Akasema wanawaambia wote siku ya kwanza, kwenye benchi, akina mama arobaini kwa pamoja, watoto wakilia. Hakujitetea zaidi ya hapo.

Akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili. Kwenye kadi aliandika tu kwamba vidonge vilimezwa. "Hilo lingine mwambie wewe, mzee. Mwambie mapema. Yeye anadhani mwili wake ndio wenye kasoro."

Pini aliporudi aliuliza tulikuwa tunanong'ona nini. Nikasema mkunga amesifu mwandiko wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Sijasoma hata ukurasa. Niandike, labda moyo utatulia.

Miezi ya kwanza katika kambi ya wakimbizi maji yalitoka kwenye bwawa walikonyweshwa ng'ombe. Watu walikuwa wanaharisha asubuhi na kuzikwa jioni. Marehemu mke wangu akaweka sheria: hakuna kinachopita mdomoni ambacho hakijachemka. Lakini utajuaje kama yamechemka? Watoto wanasema yamechemka. Waliochoka wanasema yamechemka. Ndipo akaanza kutia majani ya chai, chembe tu, katika kila sufuria. Maji yenye rangi yamepita motoni. Maji meupe hayana ushahidi. Basi tukanywa rangi. Tukamezea dawa rangi. Mstari wetu ulikuwa na mahema saba, na ni letu tu ambalo halikutoa maiti kwa kuhara.

Sheria iliyokuokoa huiulizi maswali. Tulitoka kambini nayo. Tulipata nyumba yenye bomba, maji yanachujwa, yanatiwa dawa – na sheria ikaingia ndani pamoja na vyombo. Mke wangu alipofariki, niliirithi mimi.

Hema letu lilitoa maiti moja, si kwa maji. Binti yetu. Alijifungua Pini mwaka wa pili, kwenye mkeka, adhuhuri. Mpaka magharibi damu ilikuwa imekwisha. Ninayo shajara ya siku ile. Ina mstari mmoja: Mvua, milimita kumi na moja. Na chini yake neno moja: Binti. Sikuweza kuongeza.

Nimehesabu. Tarehe 17 Novemba hadi 7 Machi. Vikombe mia moja na kumi na viwili. Hakuna siku iliyorukwa. Daktari alitafuta mzembe. Laiti angempata.

Jumatatu, 11 Machi

Dripu.

Chumba cha vitanda vinne, mapazia ya kijani, feni moja. Pini kitanda cha dirishani. Mkunga alipima presha, joto, mapigo, akaweka karibu trei yenye sindano iliyokwisha kujazwa dawa. Nikauliza ni ya nini. Akasema ni ya kutotumika. Kuna watu wachache mno ambao mwili unakikataa chuma ghafla, pumzi zikafunga, na hapo hakuna muda wa kwenda kabatini. Akatutaka tuseme upesi kukiwa na kuwasha, kifua kubana, uso kuwaka. Sikuondoa macho usoni mwa Pini hata kupepesa.

Kisha akachanganya dawa kwenye mfuko wa maji ya chumvi, akautundika.

Sikuwa nimejiandaa kwa rangi. Kahawia iliyoiva. Ikashuka kwenye mrija taratibu, kuelekea mkono wake, na mwanga wa dirisha ukapita ndani yake.

Pini akainua kichwa, akatazama mfuko, akaangua kicheko. "Babu, hebu ona! Wamenitundikia chai yako."

Vitanda vyote vikacheka. Mkunga hakucheka. Nikasema naenda kujinyoosha mgongo, nikatoka, nikahesabu matofali ya ukuta wa nje mpaka kicheko chao kikaisha.

Niliporudi palikuwa na tatizo. Alikuwa amegeuza mkono kutafuta simu, sindano ikasogea, dawa kidogo ikavuja chini ya ngozi. Wakasimamisha, wakahamia mkono wa pili. Mfuko ukaisha salama. Tukawekwa nusu saa nyingine chini ya uangalizi. Pumzi nzuri, presha nzuri. Trei ikarudi kabatini na sindano yake haikuguswa.

Lakini mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, umebaki na doa la kahawia, ukubwa wa kitako cha kikombe. Mkunga anasema halina madhara. Anasema pia huenda lisitoke. Labda miaka.

Alituonya tusitarajie miujiza: chuma si damu, ni mali ghafi. Kiwanda kinahitaji wiki tatu, nne. Dozi ya pili baada ya siku saba.

Jumanne, 12 Machi

Homa ndogo. Viungo vinamuuma, kichwa kizito. Walisema inaweza kuwa hivyo siku moja, mbili. Amelala. Cherehani kimya. Mvua, milimita tatu.

Alhamisi, 14 Machi

Homa imeisha. Dereva alipiga simu akiwa mpakani, foleni ya malori haisogei. Akanitania kwamba nimemkalia mkewe mpaka amebadilika rangi. Mzaha wake wa siku zote. Nikamuuliza yuko lori la ngapi kwenye foleni. Akauliza kwa sauti nyingine, "Babu, kuna kitu mnanificha?" Nikasema mtandao unakata.

Jumapili, 17 Machi

Nilitafuta mkasi kwenye sanduku lake la vitambaa.

Juu kulikuwa na nguo za kichanga, nyeupe, ndogo kama za mwanasesere. Nikatabasamu. Chini yake, nguo za miezi sita. Chini yake, za mwaka. Nikaendelea kufunua, ingawa nilikwisha kuelewa. Za miaka miwili, pindo refu limeachwa ndani la kuteremsha. Za miaka minne. Na chini kabisa, sare ya shule. Darasa la kwanza. Vifungo vyote. Imepigwa pasi.

Nikarudisha kila kitu kwa mpangilio ule ule. Nilikuwa sijamaliza alipoingia.

Hakukasirika. Akakaa kitandani, akasema kwa utulivu kwamba anajua mimi si mshonaji na baba yake mtoto ndiyo kabisa, basi ni afadhali ziwepo. Akaniambia mwili wake haukishiki chuma. Wamempa vidonge mia na ushee, haukushika hata kimoja. "Ni kama wa mama, Babu. Tumeumbwa hivyo. Mimi sikulaumu kwa kunificha alivyokufa, lakini nilijua."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, jua lilikuwa kwenye zulia, hapakuwa na mtu mwingine. Ningesema: mwili wako haukukataa. Ulinyimwa. Na mkono ulionyima ni huu.

Nikasema sare itakuwa fupi, ukoo wetu ni wa watu warefu.

Akacheka. Akafungua pindo, akaanza kuongeza.

Jumatatu, 18 Machi

Dozi ya pili haipo. Gari la dawa halijafika. Mkunga alipekua kabati mbele yetu, rafu kwa rafu, ili tuamini. Labda wiki ijayo.

Aliponitazama niliinamisha kichwa. Akajua sijasema.

Jumatatu, 25 Machi

Nane nukta moja!

Mstari umegeuka. Nilimwomba mkunga anionyeshe karatasi yenyewe, nikaisoma mara mbili. Ndani ya kope la chini pana rangi sasa, wekundu hafifu. Ile chaki ya bluu ni siku ya tisa haijaumwa. Jana alishona saa tatu mfululizo, nami nikawa nasoma palepale ukutani ili niisikie cherehani vizuri.

Lakini kondo halijapanda. Daktari alipima tena. Alipitisha kile kifaa tumboni, akakirudisha, akakipitisha. Akatuambia mambo matatu: asinyanyue kitu, asisafiri, akiona damu hata tone aje, asioge kwanza, asibadilishe nguo kwanza, aje. Na dozi ya pili bado haijafika. Pengine mapema mwezi ujao.

Nane si kumi na moja. Lakini si sita. Najirudia kama mtoto.

Jumamosi, 30 Machi

Tangu waliposimamisha vidonge sijapika chai. Nampa maji yaliyochemka, nimeyapoza, kwenye bilauri. Alipouliza wiki mbili zilizopita nilisema majani yameisha. Aliporudia, nikasema nimesahau kununua. Leo amemtuma Mama Redio. Pakiti ilikuwa mezani nilipotoka uani na mkebe wangu.

Mama Redio akasema mbele ya wateja wawili kwamba mzee anayeandika mvua kila siku lakini anasahau majani ya chai, huyo atafutiwe mke wa kumkumbusha. Wakacheka. Pini akasema mke anaye, ni yeye, na mke anataka kikombe chake. Amekikosa. Anasema asubuhi bila chai yangu ni kama mtu aliyeondoka bila kuaga.

Nikachemsha maji. Nikafungua pakiti. Harufu ikaja, na pamoja nayo hema, na mke wangu akipuliza moto, na zile sauti zote.

Niliimwaga chai. Nikamwambia majani yana ukungu.

Akaichukua pakiti, akainusa. Yeye ni fundi, anajua kitambaa kikiwa na kasoro hata kikikunjwa.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeamua. Kesho saa moja, saa ile ile ya kidonge. Nitaweka daftari mezani, lifunguliwe safu ya tatu. Nitamwambia asome mwenyewe, na kabla hajauliza nitamwambia nililoambiwa. Kisha nitamwambia kuhusu sare: kwamba hana sababu ya kuishona. Kwamba mama yake alikufa kwa sababu hapakuwa na daktari, wala damu, wala barabara, na si kwa sababu ya umbo lake.

Atanichukia siku kadhaa. Vyema. Mtu anayemchukia mtu ana mipango ya kuishi.

Jioni hii ana furaha. Mtoto anacheza sana. Aliuweka mkono wangu tumboni mwake, ule wa kulia. Nikahesabu mateke manne.

Mvua hakuna. Hewa imesimama. Kituoni tungeandika: tulivu. Sikuwahi kulipenda neno lile.

Alhamisi, 4 Aprili

Saa nne na dakika ishirini. Naandikia kwenye korido ya hospitali, shajara gotini. Mkono mbaya.

Saa moja alikuwa bado amelala. Nilimwacha. Nilifikiri, apumzike, tuna siku nzima. Maji nilikuwa nimeyachemsha, nikayatia kwenye chupa ya chai yasipoe. Daftari la vidonge mezani. Saa mbili na nusu aliniita. Hakupiga kelele. Aliita "Babu" mara moja, kama mtu anayeomba mkasi.

Hakuna maumivu, alisema. Damu tu.

Hakuoga, hakubadilisha nguo. Mama Redio alisimamisha gari la kwanza lililopita, la mtu asiyemjua, akamfungulia mlango kabla mwenyewe hajakubali. Sijui kwa nini nilibeba chupa ya chai na madaftari yote mawili. Mikono ilichukua kilichokuwa mezani.

Saa tano kasoro kumi. Daktari kijana alipita mbio, akanitambua, akarudi hatua mbili. Watampasua. Wiki ya thelathini na tatu, mtoto mdogo lakini wana chumba cha joto. Kipimo cha leo: nane nukta sita. Hiyo ni kabla ya kujua kilichokwisha kumwagika. Nikamuuliza kama nane nukta sita inampa muda. Akasema, inanipa kidogo. Akasema bila ile dripu nisingekuwa namuuliza swali hili. Kisha akasema angependa kuwa na kumi, na akaenda.

Kumi. Alikuwa nayo Novemba.

Saa tano na dakika tano. Wanatafuta damu ya kundi lake. Ghala lina chupa moja. Nikanyoosha mkono, nikasema chukueni. Binti wa maabara akauliza umri wangu, akanishusha mkono wa shati kwa upole, akafunga kifungo. Mama Redio anapimwa sasa. Kabla hajaingia amepiga simu saba, nimezihesabu, na kila aliyempigia anakuja. Wa kwanza amekwisha kufika, fundi viatu wa kona, hata aproni hajaivua.

Dereva yuko njiani. Saa tisa za barabara. Nilimwambia kila kitu kwenye simu, na chai pia. Ilitoka yenyewe. Nikasikia akilisimamisha lori pembeni. Kisha akauliza, "Yeye anajua?"

Saa tano na dakika kumi na tano. Kitanda chake kimeletwa koridoni, kinangoja mlango wa chumba cha upasuaji ufunguliwe. Hatua kumi kutoka benchi hili. Naona mkono wa kushoto uko nje ya shuka, na lile doa. Ngozi kulizunguka imekuwa nyeupe kama karatasi, doa ndilo lenye rangi peke yake.

Mkunga amekuja kwangu. Yule yule, miwani ya kamba. Anasema wana dakika mbili, na Pini ananitaka. Anasema ameagiza kitu, wamemkatalia, haruhusiwi kunywa chochote, lakini anaendelea kuagiza: chai ya Babu. Anasema Pini ana wazo moja tu, analirudia kwa kila anayepita – mwambieni Babu asijisumbue, mwili wangu ndivyo ulivyo.

Chupa naiacha hapa kwenye benchi. Naenda na daftari la vidonge